Maji Ndani ya Difu

Difu ya gari la fowili lililotoka safari ndefu huwa ya moto hata mkono hauvumilii kuigusa. Gari likiingia mtoni katika hali hiyo, chuma hupoa ghafla, hewa iliyomo ndani hunywea, na difu huanza kuvuta. Kazi ya breza, kile kifuniko kidogo juu ya ekseli, ni kuingiza hewa wakati kama huo. Lakini ekseli ikiwa chini ya maji, breza huingiza maji. Ikiwa imeziba kwa tope, maji hutafuta njia kwenye sili zilizochakaa. Gia boksi na transfa hupatwa na jambo hilo hilo, na gari lililokwama katikati ya mto hunywa zaidi kuliko lililopita bila kusimama.

Masika ya 2024 yalifurisha mto Talek kule Masai Mara na kuzamisha vijiji vya bonde la Rufiji. Baada ya mvua za namna hiyo, wenye magari wengi hukimbilia injini. Stiki ya oili huchomolewa, filta ya hewa hukaguliwa, na gari likiwaka vizuri shughuli huhesabiwa imekwisha. Difu haina stiki wala taa kwenye dashibodi, kwa hiyo husahaulika, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Meno ya difu hayakutani tu, husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa, na kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa oili. Maji huuvunja utando huo. Beringi huumia hata gari likiwa limeegeshwa: pale rola zinapogusa njia zake, maji hukaa na kutu hula chuma usiku kucha. Vidoa vya kutu hiyo hubaki hata oili ikibadilishwa baadaye, na baada ya wiki kadhaa difu huanza kuvuma barabarani. Oili ya difu moja, kama lita tatu hivi kwa Land Cruiser, ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na beringi mpya na fundi wa kuzipanga.

Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Hata hivyo, oili kuonekana safi kwenye tundu la kujazia si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na hutulia chini. Gari likilala usiku mmoja mahali tambarare, nati ya kumwagia hulegezwa kidogo asubuhi; kama maji yamo, yatatangulia kutoka.

Kabla ya kumwaga chochote, nati ya kujazia hufunguliwa kwanza. Fundi aliyeanza na ya chini, kisha akakuta ya juu imeshika kutu na haizunguki, amebaki na difu tupu na gari lisiloweza kwenda popote. Oili ikishamwagwa, sumaku ya nati hufutwa na kuangaliwa: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande si kawaida. Kisha hutiwa oili ya bei nafuu, gari likaendeshwa polepole kilomita chache, ikamwagwa nayo. Hurudiwa hivyo mpaka ile rangi ya maziwa iishe. Wako mafundi wanaosafishia dizeli huku magurudumu yakizungushwa juu ya jeki. Dizeli huosha kweli, ila haibebi mzigo, na ikibaki humo huidhoofisha oili mpya. Oili nafuu ni salama zaidi.

Difu hujazwa oili ya daraja la GL-5, kwa kawaida 80W-90, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Gia boksi nyingi za zamani hutaka GL-4, maana baadhi ya kemikali za GL-5 hula ringi za shaba zinazolainisha uingizaji wa gia. Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa lisilo na lebo haifai hapa.

Gia boksi ya otomatiki ina shida yake. Oili yake nyekundu ikishageuka pinki iliyofifia, pleti za klachi zilizo ndani zimekwisha kunyonya maji, na gundi inayoshikilia bitana zake huachia. Kuisafisha mara kadhaa huweza kuiokoa ikiwahiwa. Ikichelewa, hufunguliwa yote.

Kwenye Land Cruiser zenye ekseli nzima ya mbele, mafundo ya usukani kwenye ncha za ekseli hujazwa grisi, nayo hukaguliwa kwa kufungua nati iliyo juu yake. Grisi iliyolegea na kuwa majimaji ni dalili kwamba maji yameingia, au sili ya ndani imekufa na oili ya difu inavuja humo. Beringi za magurudumu hupakwa grisi mpya, na nipo za propela hupigwa grisi mpaka ile ya zamani itoke. Gari lililoingia maji ya bahari huoshwa kwanza kwa maji baridi, chini na juu.

Breza nazo hazirudishwi zilivyokuwa. Huungwa mpira mrefu unaopandishwa mpaka ndani ya boneti, ili difu ipumue hewa iliyo juu ya maji. Baada ya kilomita mia chache nati ya kumwagia hulegezwa tena, na ikitoka oili safi, kazi imekwisha.