Kusema kwa nguvu si kusikilizana

Wiki hii nawapeleka nyumbani kwangu Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma, nikawaeleze kosa langu mwenyewe.

Wengi wenu mnazijua redio za upepo za polisi na hospitali. Wapo pia wananchi wa kawaida wenye leseni ya kuwasiliana kwa redio kwa ridhaa tu, bila biashara. Hapa Tanzania leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na majina yetu ya hewani huanza na 5H. Mimi ni mmoja wao. Natumia masafa ya VHF, kati ya megahezi 144 na 146.

Redio yangu ilikuwa ya wati 25. Nikaiona ndogo, nikanunua amplifaya ya wati 100. Kazi ya amplifaya ni kupokea nguvu ya redio na kuikuza kabla haijafika kwenye antena. Inakula umeme kweli kweli. Kwenye betri ya volti 12 yangu huvuta zaidi ya ampea 15. Siku ya kwanza wenzangu wakaniambia nasikika kama niko sebuleni kwao. Kichwa kikanivimba.

Usiku mmoja wa mvua, mwenzetu mmoja alikwama korongoni upande wa Bahi, kiasi cha kilomita 20 kutoka kwangu. Garini alikuwa na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Simu haikushika mtandao. Alikuwa na redio ya mkononi ya wati 5. Mimi nilisikia mkwaruzo tu, nikawa naita: "Rudia! Rudia!" Yeye alinisikia kila neno, lakini mimi sikumsikia hata moja. Mbaya zaidi, kila nilipobonyeza kitufe nilimfunika.

Aliyemsikia ni kijana mmoja anayeishi mwinukoni, upande wa pili wa mji, mwenye redio ya wati 10. Alinisihi ninyamaze, kisha akaita msaada. Mama yule alijifungua salama. Mimi sikulala.

Kosa lilikuwa wapi? Amplifaya ile hukuza sauti inayotoka, wala haiongezi masikio. Mawimbi ya VHF hayapindi sana. Huenda karibu sawa na macho yanavyoona. Antena yangu ilikuwa juu ya bomba moja la mita 6, na kwa urefu huo upeo wake kwenye tambarare ni kama kilomita 10. Waya wake ulikuwa mwembamba, mita 30. Katika masafa haya waya wa namna hiyo hupoteza kama robo tatu ya nguvu. Hivyo katika wati zangu 100 zilifika juu 25 tu, na sauti dhaifu ya mwenzangu nayo ilipunguzwa vivyo hivyo ikishuka.

Nilifanya nini? Niliunga mabomba matatu, nikayafunga kwa waya za kuyashikilia pande zote, antena ikafika karibu mita 17. Upeo ukawa kilomita 17. Nikabadilisha waya, nikaweka mnene unaofikisha kama nusu ya nguvu. Leo redio ya mkononi ya kule Bahi naisikia, na amplifaya mara nyingi imezimwa.

Sisemi amplifaya haifai. Ukimsikia mwenzako vizuri lakini yeye hakusikii, hapo iwashe. Kama humsikii, usihangaike nayo. Panda juu ukatazame antena. Hata kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, zinataka kituo kitumie nguvu ile tu inayohitajika.

Jambo hili si la mchezo kwa watu wa Dodoma. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa na Mpwapwa yaliibomoa Reli ya Kati. Siku kama hizo anayeomba msaada huwa na betri inayokwisha na sauti ndogo. Mwenye wati 100 hatakosa kusikika. Kazi ni kumsikia yule mwenye wati 5.

Nami ninayeishi kwa kusema na kipaza sauti kila wiki, somo hilo nimelipokea.