Chura Anayevumilia Jua la Tabora

Mvua zinapoanza Tabora, kwa kawaida mwezi Novemba, vyura wengi hukimbilia madimbwini. Mmoja hubaki mtini. Wanasayansi humwita Chiromantis xerampelina, jina alilopewa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854, na makao yake ni miombo na nyika kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini.

Kwa sura si mrembo. Ngozi yake ni ya kijivu au kahawia kama gome la mti, macho makubwa, ncha za vidole bapa na zenye kunata. Vidole viwili vya mkono huelekea huku na viwili kule, hivyo hukamata kijiti barabara. Jua likichoma hugeuka karibu mweupe, akakunja miguu chini ya mwili asipoteze maji. Hata mkojo anaubania: taka zake hutoka kama asidi ya yuriki, mtindo wa ndege na mijusi!

Uhondo wenyewe ni usiku. Jike hutoa ute, akaupigapiga kwa miguu ya nyuma mpaka ukaumuka povu, huku madume kadhaa wakigombea kurutubisha mayai. Povu huning'inia tawini juu ya maji. Nje hukauka, ndani hubaki na unyevu. Baada ya siku tano au sita, viluwiluwi hudondoka dimbwini.

Ndiyo maana, hata katika kata ya mjini Tabora kama Ipuli, anayefyeka vichaka vyote vya kando ya dimbwi humnyima chura huyu pa kutagia, hata kama maji hayakuguswa.