Hekalu la Bwana wa Mwezi

 Leo tutasoma habari za Somnath, hekalu la Wahindu lililoko pwani ya Gujarati, magharibi ya Bara Hindi. Msidhani ni habari ya watu wa mbali sana. Wahindu wengi wa nchi yetu, wale wenye mahekalu yao katika Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, asili yao ni Gujarati na Kachi.

Husimuliwa kwamba Mwezi alioa mabinti 27 wa mzee Daksha, akampenda mmoja tu, Rohini. Wenye wake zaidi ya mmoja mnajua kilichofuata. Wale 26 walimshtaki kwa baba yao, naye akamlaani mkwewe akonde mpaka atoweke. Mwezi akaoga baharini mahali pale, akamwomba mungu Shiva. Laana haikufutwa, ilipunguzwa: akonde nusu ya siku zake, anenepe nusu. Kwa shukrani akajenga hekalu la dhahabu. Somnath maana yake ni Bwana wa Mwezi, yaani Shiva. Dhahabu hiyo ni ya hadithi. Waliochimba pale mwaka 1950 walikuta misingi ya mawe.

Sasa tazameni ujenzi wake. Ndani kabisa mna chumba kidogo chenye nguzo fupi ya jiwe, alama ya Shiva. Mbele yake uko ukumbi wa nguzo, wanaposimama waumini. Mnara mrefu umepanda juu ya kile chumba kidogo, mfano wa mlima wa miungu. Mtu hutoka juani, akapita kivulini, akafika penye giza. Hekalu la sasa lilichorwa na Prabhashankar Sompura, wa ukoo wa waashi wanaorithishana kazi baba kwa mwana. Rais Rajendra Prasad aliweka jiwe lake takatifu Mei 1951.

Hekalu la kale lilivunjwa mwaka 1026 na Sultani Mahmud wa Ghazni, akachukua mali yake. Wengi huishia hapo, wakasema Waislamu na Wahindu hawakupatana kamwe. Hao wamesoma ukurasa mmoja. Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu wa zama zile zile, aliandika hadithi ya Mwezi kwa uangalifu, akaeleza jinsi bahari ya Somnath inavyojaa na kupwa kwa kufuata mwezi. (Ziwa letu Rukwa halina tabia hiyo, aliyefika Bagamoyo ameiona.) Akaandika pia kwamba mji ule ulisifika kwa kuwa ni bandari ya wasafiri baina ya China na Sofala ya nchi ya Zenji. Zenji ni pwani hii yetu ya Afrika.

Na mwaka 1264 mwenye meli kutoka Hormuz, Nuruddin Firuz, Mwislamu, alijenga msikiti katika mji huo huo wa Somnath. Wakubwa wa mji, Wahindu, walimsaidia kupata kiwanja. Mapatano yalichongwa katika mawe, kwa Kiarabu na kwa Kisanskriti. Yale ya Kisanskriti yanamtaja Mungu kwa jina la Bwana wa Ulimwengu, ambalo Wahindu humwitia Shiva, na mwaka umeandikwa kwa hesabu nne, ya Kiislamu ikiwamo. Jiwe hilo la Kisanskriti bado lasomeka.

Fungueni madaftari. Kabla ya somo lijalo, muulizeni mzee mmoja hadithi ya mwezi anayoijua, mkaiandike kwa sentensi tano. Kwaherini.