NGOZI ZA MBEGA WA KILIMANJARO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Moshi)



Nimeombwa kusema juu ya biashara ya kale ya mlima wetu. Wengi wamekwisha kusema juu ya pembe za ndovu. Mimi nachagua ngozi ya mbega.

Mnamjua: kima mweusi, mwenye manyoya meupe marefu ubavuni na mkia mweupe mnene. Kwa ajili ya mkia huo Oldfield Thomas wa London alimpa mbega wa Kilimanjaro jina la kitaalamu mwaka 1885: caudatus, yaani mwenye mkia. Kwa wazee wetu, na kwa Wamasai, ngozi yake ilikuwa pambo la vijana wa vita.

Mambo yaligeuka misafara kutoka Pangani ilipoleta bunduki kwa Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, na huko Ulaya mabibi walipopenda kumvaa mbega juu ya mabega. Leipzig na London zilikuwa masoko makubwa ya manyoya. Maskini mbega! Asubuhi huketi kileleni mwa mti na jamaa yake yote wakiota jua; tena huzaa mmoja tu kwa mara moja. Mwenye bunduki aliweza kumaliza jamaa nzima kabla ya chai. Carl Georg Schillings alisikitikia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1905, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mwindaji hodari.

Basi, ushahidi u wapi? Kuta za mawe za Mangi Sina, aliyeshindwa na jeshi la Wissmann mwaka 1891, ni za mawe, nazo hudumu. Shanga za kioo zilizolipiwa bidhaa za mlima hudumu vilevile udongoni. Ngozi haidumu. Babu yangu alikuwa nayo moja, imechomekwa darini juu ya moshi wa jiko. Nyumba ilipojengwa upya tulikuta shanga zake zote, na ya ngozi kipande kama kiganja, nondo wamekwisha kula.

Kwa hiyo habari za ngozi hizo zimebaki katika daftari za forodha na katika vibandiko vya makumbusho, yaani katika kazi ya makarani. Na mbega mwenyewe yupo bado: nendeni msitu wa Rau asubuhi, mtamwona.

Nawasihi jambo moja. Mkimkuta mzee mwenye ngozi kama hiyo, msimwulize bei. Mwulizeni ilitoka msitu gani, na nani aliivaa, mkaandike siku hiyo hiyo.