Mlango wa Vyuo Vikuu vya Marekani: Ni Nani Aingiaye?

Maneno yaliyosomwa na karani wa chama katika mkutano wa mwaka



Mwaka huu wazazi kadhaa wametujia ofisini kuuliza habari za vyuo vikuu vya Marekani vyenye sifa kubwa, kama Harvard, Yale na Princeton. Wengine wameambiwa ya kwamba mtoto akipata A tupu mlango u wazi. Wengine wameambiwa ya kwamba nafasi hununuliwa, nao wako tayari kuuza shamba. Maneno yote mawili yana upungufu, na shamba likiuzwa halirudi. Kwa hiyo twaomba ruhusa tueleze.

Hapa Kenya tumezoea ya kwamba alama za mtihani wa kidato cha nne hupelekwa katika ofisi moja ya serikali, nayo humgawia mtoto chuo kwa kufuata alama na chaguo lake. Kule Marekani sivyo. Kila chuo huchagua chenyewe. Maofisa wake husoma alama, lakini husoma pia insha ya mwombaji, barua za walimu wake, michezo aliyocheza na kazi alizofanya nje ya darasa.

Desturi hiyo ina asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo hivyo vilitegemea zaidi mtihani, na vijana wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, wakafaulu kwa wingi. Mwaka 1922 mkuu wa Harvard, A. Lawrence Lowell, akataka idadi yao iwekewe mpaka. Mpaka wa wazi ulikataliwa, walakini baadaye vyuo vikaanza kupima "tabia" ya mwombaji na kuuliza habari za jamaa yake, na idadi ya Wayahudi ikashuka. Basi mizani ile ilitumika kufunga mlango, ingawa leo yaweza pia kumwinua mtoto wa maskini mwenye kipaji.

Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa uchunguzi juu ya vyuo 12 vya daraja la juu. Waliona ya kwamba, kati ya watoto wenye alama sawa, wale wa jamaa zilizo katika asilimia 1 ya juu kwa mapato walikuwa na nafasi ya kuingia zaidi ya maradufu kuliko watoto wa jamaa za kati. Sababu walizotaja ni tatu: kupendelewa watoto wa waliosoma chuoni hapo, kuchaguliwa wachezaji wa michezo, na alama za mambo yasiyo ya darasani, ambazo hupanda kwa waliosoma shule ghali.

Je, hongo? Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki wazazi matajiri pamoja na wakala wao, William Singer, kwa kununua nafasi kwa udanganyifu. Mwaka 2023 Singer alihukumiwa kifungo cha miaka 3 na nusu. Basi mtu akikuahidi nafasi kwa fedha, ndugu, usimpe hata senti. Harvard, Yale na Princeton humchagua mwombaji, hata wa nchi za nje, bila kutazama uwezo wake wa kulipa, nao humsaidia kwa kadiri ya mahitaji yake. Fedha zisaidiazo kweli ni za kulipia mtihani na nauli ya kuufikia.

Sasa, wazee wetu, twaomba mtuvumilie. Mfuko wetu wa elimu nao ni mlango. Kanuni yetu yasema atasaidiwa mtoto "mwenye tabia njema na wa jamaa inayojulikana." Inayojulikana na nani? Jamaa ya mwenye duka yajulikana. Ya mwalimu yajulikana. Ya mjumbe wa halmashauri yajulikana zaidi. Mjane alimaye kibarua hajulikani, ingawa mchango wake huufikisha kila mwezi.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo matatu. Kwanza, maneno "jamaa inayojulikana" yafutwe. Pili, mjumbe ambaye mtoto wake ameomba msaada atoke chumbani wakati wa kuamua. Tatu, halmashauri isome alama na mahitaji ya mwombaji kabla ya kuonyeshwa jina lake.

Wako watakaosema ya kwamba waliojenga chama wana haki ya kutangulizwa. Twawaheshimu. Lakini chuo cha Johns Hopkins kiliacha kuwapendelea watoto wa waliosoma hapo mwaka 2014, na Amherst kikafuata mwaka 2021, wala havikuanguka.

Wahenga walinena, mnyonge hana haki. Chama cha masilahi huundwa ili neno hilo lisiwe kweli miongoni mwetu. Twaomba mapendekezo haya yapigiwe kura leo, kabla ya fedha za mwaka ujao kugawanywa.