Ndoano Iliyofichwa Katika Moshi



Wapendwa wasikilizaji, wavuvi wetu wa Kirumba na Igombe wanajua kwamba sangara hafuati ndoano, hufuata chambo. Ndoano huitambua ikiwa imekwisha kumnasa. Ndivyo anavyonaswa na sigara kijana wa miaka 14. Moshi wa kwanza humchoma koo na kumfanya akohoe, haupendi. Anachokifuata ni sura ya mtu mzima, shujaa, mwenye marafiki. Hicho ndicho chambo. Ndoano ni nikotini iliyomo ndani ya tumbaku.

Wauzaji wa tumbaku walilijua jambo hili zamani. Sigara mojawapo inayofahamika sana katika Afrika Mashariki iliitwa Sportsman, yaani mwanamichezo. Je, ni mwanamichezo gani akimbiaye vema kwa mapafu yaliyojaa moshi? Na mtoto hulishika tangazo upesi kuliko tunavyodhani. Huko Marekani kampuni ya R.J. Reynolds ilitangaza sigara zake kwa katuni ya ngamia aitwaye Joe Camel. Mwaka 1991 watafiti waliripoti kwamba kati ya watoto wa miaka 6 waliopimwa, asilimia 91 waliweza kumhusisha ngamia huyo na sigara. Katuni ile iliondolewa mwaka 1997.

Lakini tusiwanyoshee kidole wafanyabiashara peke yao. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, jioni ni nani amwambiaye mtoto, “Nenda dukani ukaniletee sigara mbili, chenji ubaki nayo”? Ni sisi: baba, mjomba, mwalimu, katekista, na hata sisi mapadre. Tangazo hilo halilipiwi hata senti, nalo lina uso wa mtu ambaye mtoto anampenda.

Mtume Paulo atufundisha kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Naye Bwana aonya vikali juu ya yeyote awakwazaye wadogo. Basi, juma hili tufanye jambo moja: tusimtume mtoto sigara. Anayevuta na aende mwenyewe. Huenda njiani akatafakari. Tena asione haya kumwambia mwanawe, “Nami nilinaswa ningali kijana, wewe usikiguse chambo hiki.” Ungamo la namna hiyo hushinda mabango yote.

Mungu awalinde vijana wetu, nasi atupe ujasiri wa kuwa mfano mwema. Amina.