Kufuli Lisilofunguka kwa Ufunguo wa Jirani

Leo tutaongea juu ya kipimo cha damu, lakini tuanzie kwenye sanduku letu la pesa.

Sanduku la kikundi lina makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Tunataka lifunguliwe na wenyewe tu. Lakini sote tunayajua makufuli ya bei rahisi ya sokoni: wakati mwingine ufunguo wa jirani unafungua la kwako. Hapo usalama umekwisha.

Kupima ugonjwa ni vivyo hivyo. Kila kiumbe kina uzi mwembamba wa urithi, uitwao DNA. Umeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. A hushikana na T, G hushikana na C. Virusi vya Ukimwi vina uzi unaofanana nao, RNA. Wataalamu walitengeneza nyuzi fupi za kuunasa uzi huo ndani ya damu. Nyuzi nyingine hushikamana juu yake kama matawi, na mwisho mwanga huwaka. Mwanga mwingi, virusi vingi.

Sasa, taabu ilikuwa wapi? Katika damu iliyochukuliwa kuna nyuzi nyingine pia, zenye herufi zile zile. Matawi ya kipimo yalijishika pasipofaa, kama ule ufunguo wa jirani, na mwanga kidogo ukawaka hata pasipo virusi. Virusi vikiwa vichache, utajuaje mwanga wa kweli na wa uongo?

Mwaka 1990 Steven Benner na wenzake huko Zürich, Uswisi, walionyesha kwamba DNA inaweza kuongezwa herufi nyingine, ambazo viumbe hawazitumii katika uzi wao. Baadaye herufi mbili za namna hiyo ziliwekwa kwenye matawi ya kipimo cha Ukimwi. Hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe. Mwanga wa uongo ukapungua, na virusi vichache vikaonekana. Njia hiyo imejaribiwa pia kutafuta virusi vya Zika, dengi na chikungunya ndani ya mbu. Mwaka 2019 kundi la Benner lilitangaza DNA ya herufi nane.

Mtatuuliza: sisi inatuhusu nini? Huku kwetu maabara nyingi hutumia mashine za namna nyingine, lakini haja ni ile ile: kipimo kiseme kweli. Fikirini mama anayemeza dawa zake kila siku, halafu aambiwe virusi vimepanda. Nyumbani ataitwa mzembe. Na yule ambaye dawa zimemshinda nguvu, asipojulikana mapema, ataumia kimya kimya.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, usiikose siku ya kupimwa kiwango cha virusi, na uyaulizie majibu yako. Pili, majibu yakiwa juu, tusimgombeze mwenzetu. Aende kwa mshauri, apimwe tena kama atakavyoelekezwa. Tatu, dawa zisiachwe kwa sababu ya jibu moja, liwe zuri au baya.

Kufuli zuri bila mwenye ufunguo kufika mkutanoni halitusaidii. Tufike kliniki.